Chuo Hakikimbii, Dirisha Ndilo Linalokimbia



Wengi wenu mnanijua kwa magauni. Niko Ngamiani, Tanga, nina duka la kushona na kukodisha nguo za harusi, na mizigo yangu mingine huvuka kwa meli kuja kwenu Pemba. Leo sizungumzii shela wala sare za mashangazi. Leo nina ugomvi. Nagombana na maneno ambayo nayasikia kila mwaka ikifika Julai, nikiwa nimeshika futi mkononi na binti amesimama mbele yangu kupimwa. Mama yake au shangazi yake amekaa pembeni, anasema: "Mwache aolewe kwanza, chuo hakikimbii."

Nataka kuyajibu hadharani, kwa sababu na mimi niliwahi kuyasema. Niliyemwambia ni mdogo wangu, na yeye ndiye aliyelipa.

Najua watakaoniuliza, "Wewe fundi cherehani, chuo kikuu unakijulia wapi?" Kweli. Nimeishia kidato cha nne, nikasoma ushonaji, nikafungua biashara, alhamdulillah inanilisha. Sijawahi kukaa kwenye ukumbi wa mihadhara hata siku moja. Lakini mabinti wa kidato cha sita wanapita mikononi mwangu kila msimu, na nimeshika simu zao nyingi kuwasaidia kujaza fomu huku gauni likiwa mezani. Nilichojifunza humo ndicho ninachowaletea. Tena kumbukeni kwamba mimi nakula kwa harusi. Kila harusi inayosogezwa mbele ni gauni langu linalosubiri kulipwa. Ninayoyasema hapa yanaumiza mfuko wangu mwenyewe.

Agosti ya mwaka 2018

Harusi yangu ilikuwa Agosti 2018, siku chache baada ya Idd el-Haj. Mdogo wangu alikuwa amemaliza kidato cha sita mwaka huo huo, mchepuo wa Fizikia, Kemia na Biolojia, na matokeo yake yalikuwa mazuri. Alitaka uuguzi tangu yuko darasa la tano, tangu alipomwona nesi mmoja akimhudumia marehemu bibi yetu kwa upole ambao sisi wajukuu hatukuwa nao.

Matokeo yalitoka Julai. Nyumba ilikuwa imejaa. Yeye ndiye aliyekuwa akienda Soko la Mgandini, yeye ndiye anayepokea wageni, yeye ndiye anayehesabu michango ya kamati, yeye ndiye anayekaa na mimi usiku tunamalizia sare. Mara mbili aliniambia, "Dada, nahitaji siku moja nikae nijaze maombi ya chuo." Mara ya kwanza nikamwambia kesho. Mara ya pili nikamwambia maneno yale: chuo hakikimbii, mpenzi, ngoja tumalize shughuli.

Tukamaliza shughuli. Tukakuta dirisha la kwanza limefungwa. Akaomba awamu iliyofuata, na kule alikotaka uuguzi nafasi zilikuwa zimejaa. Akapata kozi ambayo hata jina lake alilisoma mara mbili. Mkopo nao hatukuwa tumeuomba kwa wakati. Tulichangishana ada ya mwaka mmoja, mwaka wa pili tukashindwa, akarudi nyumbani.

Leo yuko na mimi dukani. Anadarizi kuliko mimi, na hajawahi kunilaumu hata kwa jicho. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Picha za harusi yangu ninazo, nzuri sana, na katika kila picha yeye yuko nyuma yangu ameshika pindo la gauni.

Dirisha lenyewe liko hivi

Kwa ambao hamjapita huko, nieleze kwa ufupi. Mtihani wa kidato cha sita hufanywa Mei, na matokeo kwa kawaida hutoka Julai. Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, hufungua awamu ya kwanza ya maombi ya shahada katikati ya Julai hivi na kuifunga mwezi Agosti. Ni wiki chache tu. Baadaye hufunguliwa awamu ya pili, na mara nyingine ya tatu, lakini hizo ni kwa nafasi zilizobaki.

Rudia hilo neno: zilizobaki. Awamu ya kwanza kozi zote ziko mezani. Awamu ya pili unaletewa orodha ya ambazo hazijajaa. Mfano wake ni kama kwenda kununua nguo ya Idd mkesha wa Idd. Duka liko wazi, nguo zimetundikwa, lakini saizi yako imekwisha na rangi zilizopo ni zile ambazo wenzio walizipita.

Zamani, kuanzia mwaka 2010, maombi yalipita katika mfumo mmoja wa TCU. Tangu mwaka 2017 mwombaji anaomba moja kwa moja kwenye chuo anachokitaka, mtandaoni. Kila chuo kina fomu yake na ada yake ya maombi, na vyuo vingi hutoza shilingi 10,000. Maana yake unaweza kuomba vyuo viwili, vitatu, vinne katika awamu hiyo hiyo, na ukichaguliwa na zaidi ya kimoja unaletewa nafasi ya kuthibitisha kimoja tu unachokitaka. Usipothibitisha kwa wakati, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Na sifa za chini zisikudanganye. Kwa mtu wa kidato cha sita, TCU inataka angalau alama mbili za ufaulu wa juu, tunazoziita principal, zenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Hicho ni kizingiti cha mlango. Ukishavuka kizingiti ndani kuna foleni. Kozi kama udaktari, famasia, uuguzi na sheria waombaji ni wengi kuliko viti, na wenye alama za juu hukaa kwanza. Kwa hiyo mtu anayekwambia "umefaulu, utapata tu" anakupenda, lakini hajui anachokisema.

Mwezi mwandamo na kalenda ya serikali

Tatizo letu sisi watu wa pwani ni kwamba tunaishi kwa kalenda mbili na hatuzikutanishi. Harusi zetu tunazipanga kwa mwezi mwandamo: baada ya Idd, Mfungo Tatu, kabla ya Ramadhani. Dirisha la chuo linakwenda kwa kalenda ya serikali. Na kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 10 au 11, msimu wa harusi unatembea. Mwaka huu Julai ni tupu, baada ya miaka kadhaa Julai imejaa shughuli. Ilivyonikuta mimi 2018 itawakuta wengine.

Sasa nauliza: kati ya hivi viwili, kipi kinasogea? Tarehe ya harusi imo mikononi mwetu. Ukumbi unapigiwa simu, mpishi anaambiwa, mpambaji anaambiwa, fundi anaambiwa, na fundi ni mimi, nimeshaambiwa mara nyingi na sikufa. TCU haitaambiwa na mtu yeyote wa kamati ya harusi. Basi kwa nini kila mwaka tunasogeza kisichosogea na kukipigia magoti kinachosogea?

"Lakini mchumba yuko Maskati"

Hoja ya kwanza ninayoletewa ni hii. Mchumba anafanya kazi Omani, likizo yake ni Agosti, asipooa sasa mpaka mwakani. Sawa, aoe Agosti. Sijamkataza mtu kuolewa, na haya ya "soma kwanza, ndoa baadaye" mimi si mtu wayo. Wapo walioolewa wakasoma na wakazaa wakiwa chuoni, mashallah, na waume zao wakawa ndio wanaobeba mtoto wakati wa mitihani. Fomu haijazwi kwa siku tatu. Inajazwa jioni moja ukiwa na vyeti vyako na bando. Kinachokosekana ni mtu mzima ndani ya nyumba wa kusema: leo hatoki mtu, hatumwi mtu, binti anajaza fomu.

Na kama mchumba amekubali usome, jambo hilo lisibaki kwenye simu usiku. Dini yetu imetufundisha kutimiza masharti ya ndoa. Lipelekeni kwa walii, lisemwe kabla ya nikahi mbele ya mashahidi, liandikwe. Masheikh wana maelezo yao kuhusu sharti la namna hii linabana kiasi gani, na ndiyo sababu uwaulize mapema, hina haijachanganywa. Mwanamume mwenye nia njema hataogopa kalamu. Akiiogopa, umejifunza jambo kubwa bila gharama.

"Huko bara watoto wanaharibika"

Hoja ya pili ni ya maadili, na ya safari bila maharimu. Hii siipuuzi, wallahi. Ni suala la dini, mwenye nalo akamuulize sheikh anayemwamini na afuate alichoridhika nacho. Ninalolikataa ni kulitumia Agosti tu. Binti huyo huyo alipangiwa bweni la sekondari mkoa mwingine kwa kidato cha tano, akapandishwa basi na mabegi yake na ndoo yake, na hakuna shangazi aliyeuliza maharimu. Miaka miwili alikaa huko. Leo amefaulu, kuna posa mezani, ghafla kila mtu amekuwa faqihi.

Kama khofu yako ni ya kweli, ifanyie kazi. Angalia chuo kilipo na jamaa wako walipo. Mtu wa Tanga mwenye shangazi Morogoro asisahau kwamba mkoa huo mmoja una Sokoine, una Mzumbe, na una Chuo Kikuu cha Waislamu kilichoanza mwaka 2005 kwenye majengo yaliyokuwa ya TANESCO. Ukiwa Unguja, una SUZA, chuo cha umma kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999. Una Zanzibar University pale Tunguu, cha tangu mwaka 1998. Una Abdulrahman Al-Sumait pale Chukwani. Uliza mabweni ya wasichana yapo ndani ya chuo au mtaani. Uliza msikiti uko wapi. Tafuta jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu, ongea na dada aliyeko huko sasa hivi, muulize anaishije. Hayo ndiyo maswali ya mzazi anayejali. "Haendi" si swali.

Mahali pa kuomba: anza na kazi, jina la chuo baadaye

Sasa nije kwa mabinti wenyewe, maana na nyinyi mna makosa yenu.

Wapo wanaochagua chuo kwa sababu rafiki yake anakwenda huko. Wapo wanaoandika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa sababu jina linapendeza kutamka kwenye kichen pati. Wapo wanaoandika chuo kimoja tu, kozi moja tu yenye ushindani mkubwa, halafu wanakaa kuomba dua. Na wapo wanaofungiwa na wazazi: "Chuo cha Kiislamu tu, au hapana."

Anza na kazi unayotaka kuifanya ukiwa na miaka 35, nyumba na watoto. Halafu tafuta nani anaifundisha. Chuo kikiwa cha Waislamu ni neema, lakini hakifundishi kila kitu, na hakuna chuo kinachofundisha kila kitu. Anayetaka kuchora majengo au kupima viwanja ataitazama Ardhi. Anayetaka kilimo na mifugo ataitazama Sokoine. Anayetaka afya Muhimbili ni lazima aitazame, hata kama mwisho wa yote atasoma kwingine. TCU hutoa kitabu cha mwongozo kila mwaka, kipo mtandaoni bure. Ndani yake kuna kila chuo kilichoruhusiwa, kila kozi, masomo inayoyataka na idadi ya nafasi zake. Kozi isiyokuwa humo usiiombe, hata kama aliyekutajia ana kitambulisho shingoni.

Kisha pangilia maombi yako kama ninavyopanga vitambaa. Kimoja ni cha ndoto, kile ambacho alama zako zinakifikia kwa shida lakini zinakifikia. Viwili ni vya saizi yako, alama zako zinakaa vizuri humo. Kimoja ni cha akiba, ambacho una hakika nacho na unaweza kuishi nacho. Hapo sikilizeni vizuri: cha akiba kiwe kitu unachoweza kuishi nacho. Usiandike kozi ambayo ukiipata utalia. Mdogo wangu aliipata.

Vyuo vinne ni kama shilingi 40,000. Najua si pesa ndogo kwa kila nyumba. Lakini nyumba nyingi zinazoniambia hazina hiyo 40,000 ndizo zilizonilipa zaidi ya hapo kwa mapambo ya meza ya keki.

Vitu vinavyoharibu dakika ya mwisho

Majina. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Khadija, cheti cha kidato cha nne Hadija. Cha kwanza Fatma, cha pili Fatuma. Sisi tunacheka, mfumo haucheki. Cheti cha kuzaliwa kinahitaji kuhakikiwa, kwa bara ni RITA, na hasa ukitaka mkopo. Yasawazishe haya kabla matokeo hayajatoka. Na ukiolewa katikati ya mambo haya, acha jina lako la vyeti kama lilivyo. Jina la mume halitakiwi kwenye fomu.

Namba ya simu. Ujumbe wenye namba maalumu ya kuthibitisha chuo unakuja kwa simu au barua pepe uliyoijaza. Jaza namba yako, laini iliyosajiliwa kwa jina lako, ambayo hutaibadilisha. Mteja wangu mmoja aliweka namba ya mchumba kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na simu nzuri. Meseji ilikuja, mchumba akanyamaza nayo. Alikuja kusema alisahau. Labda alisahau kweli, Allah ndiye anayejua yaliyo vifuani. Mimi ninachojua ni kwamba muda ulipita.

JKT. Wahitimu wa kidato cha sita huitwa kwa mujibu wa sheria, na huenda binti yako yuko kambini dirisha linapofunguliwa. Kambi ya Maramba iko hapa hapa mkoani kwetu, lakini hata iwe jirani, mtu aliye kwenye gwaride hawezi kukaa mtandaoni. Kaeni kabla hajaondoka, aandike kwenye karatasi chuo cha kwanza, cha pili, cha tatu, akuachie vyeti na neno la siri la barua pepe. Akuachie wewe mama yake, siyo mtu wa steshenari.

Mkopo. Bodi ya Mikopo ina dirisha lake, nalo huenda sambamba na haya, kwa hiyo usisubiri upate chuo ndipo uanze kutafuta nyaraka. Ndugu zangu wa visiwani mna Bodi yenu ya Zanzibar pia. Na hapa kuna jambo la dini. Kwa miaka mingi Waislamu wengi waliuogopa mkopo huu kwa sababu ya ile tozo ya kulinda thamani ya fedha, asilimia 6 kila mwaka, iliyofanya deni likue. Rais Samia alitangaza kuifuta Mei Mosi ya mwaka 2021, pale Mwanza. Anayebakiwa na shaka amuulize sheikh wake, lakini amuulize kwa habari za leo, asimuulize kwa habari za 2015. Na mjue kabisa kwamba ni deni: ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara inakatwa mpaka liishe.

Nani atatushika mkono leba?

Nimalizie na hili, nalo ndilo linalonifanya niandike.

Sisi wanawake wa Kiislamu tuna malalamiko yetu, na ni ya haki. Tukienda kujifungua tunataka mwanamke atuhudumie. Mama akipimwa anataka daktari wa kike. Tukiwa na kesi ya mirathi tunataka wakili anayeijua sheria yetu, na tungependa awe mwanamke tunayeweza kumweleza yote. Tunasema kwa uchungu kabisa, "Hivi hakuna wanawake wa kutuhudumia?"

Watatoka wapi? Yule nesi tunayemtafuta saa nane usiku alikuwa binti wa miaka 19 mwezi Julai fulani, na mtu mmoja nyumbani kwao alimpa jioni moja ya kujaza fomu. Wa kwetu sisi tulimtuma sokoni kununua vitunguu vya pilau. Hatuwezi kuwatia hina mabinti zetu mwezi mzima wa maombi, halafu miaka mitano baadaye tukasimama leba kuuliza wako wapi.

Mimi nilimzuia nesi mmoja. Kila nikisikia mama amelalamika kwamba alihudumiwa na mwanamume na hakuwa na la kufanya, najihesabu.

Wapo watakaoniambia ni qadar. Naam, ni qadar, na naiamini. Lakini yule bedui aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake au amwachie Allah, aliambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Sisi watu wa Ngamiani ngamia yumo mpaka kwenye jina la mtaa wetu. Tukishindwa sisi kuielewa hadithi hii, nani ataielewa?

Kwa waliokwishapitwa, msikate tamaa. Matokeo yako hayafi, mwakani dirisha linafunguliwa tena. Aliyeolewa na kupata watoto, Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wasioweza kuhama nyumbani, na hata hapa Tanga kina kituo. Wanaotaka stashahada za afya njia yao ni NACTVET, nayo ina tarehe zake, zitafute mapema vile vile. Lakini mlango wa nyuma usitumike kama kisingizio cha kumfungia binti mlango wa mbele. Mama anayeniambia "atasoma Huria akishazaa" huku binti yake ana alama za kuingia popote, huyo hajanielewa.

Dukani kwangu sasa kuna sheria, na aliyeitunga ni mdogo wangu. Binti wa kidato cha sita akija kupimwa gauni Julai au Agosti, kabla futi haijamgusa anaulizwa: "Umeomba? Wapi na wapi?" Kama hajaomba, anavutiwa kiti. Mdogo wangu anaweka sindano chini, anachukua simu ya binti, wanaanza na jina kama lilivyo kwenye cheti. Mashangazi wengine hununa. Mmoja aliondoka kabisa akaenda kwa fundi mwingine, nami nikamwacha aende.

Siku moja nilimsikia akimwambia mtoto wa watu, kwa sauti ya chini, "Gauni litakuwa tayari, usiwe na wasiwasi. Andika kwanza hapa." Nikageukia ukutani nikajifanya natafuta chaki.

Akina mama, mashangazi, makungwi na masomo wa mabibi harusi: mwaka huu, likitamkwa neno "chuo hakikimbii" mbele yenu, msinyamaze. Sogezeni harusi wiki mbili. Kama nguo mmeagiza kwangu, niambieni tu, nitazitunza bila malipo ya ziada.

Wabillahi tawfiq.